Kutia Rangi Mbao Laini na Plaiwudi: Somo kwa Mwanafunzi Anayeanza Useremala

Katika mazoezi ya kufundisha, wanachuo wengi hufundisha somo la useremala hadi kifaa kikaunganishwa, kisha husimama hapo. Kazi ya kukikamilisha kifaa, yaani kukipiga msasa, kukitia rangi na kukilinda, huachiwa siku ambayo haifiki, au hufanywa kwa haraka katika dakika za mwisho za kipindi. Matokeo yake yanajulikana. Kisanduku kilichopimwa na kukatwa kwa uangalifu hutoka kina mabaka. Upande mmoja mweusi, upande mwingine mweupe, na alama za vidole zimekauka juu ya kifuniko.

Jambo hili si dogo kama linavyoweza kuonekana. Katika shule nyingi za vijijini mwanafunzi hupata ubao mmoja tu kwa muhula mzima. Akikosea kukata, ubao waweza kufupishwa. Akikosea kupiga msumari, msumari waweza kung'olewa. Lakini rangi iliyokwisha kupenya ndani ya mbao haitoki kwa kujuta. Mtoto aliyeharibikiwa na kazi yake ya kwanza katika hatua ya mwisho huondoka na fundisho ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia, kwamba mikono yake haifai kwa ufundi.

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwanachuo namna ya kulifundisha somo hili kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vifaa vinavyopatikana, na kwa utaratibu ambao makosa hufanyika juu ya vipande vya majaribio kabla ya kufanyika juu ya kazi yenyewe. Mifano yetu tunaitoa Makere, iliyo kati ya Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ingawa mambo ya msingi ni yale yale popote.

1. Kwa nini tufundishe kwa mbao laini

Watu wa Makere wamezungukwa na misitu ya miombo, na Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini uko katika eneo hilo. Kwa muda mrefu, mtu aliyetaka kiti au mlango mzuri alitafuta mninga. Mbao zake ni za rangi ya kahawia yenye wekundu, hazipindi ovyo, na mchwa hawazipendi. Mti wenyewe ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu kama damu, unaotia doa lisilotoka katika nguo.

Lakini mninga huchukua miongo mingi kukomaa. Mahitaji ya mbao, kuni na miti ya kujengea yameongezeka sana, kwa wenyeji na kwa wakimbizi waliopokelewa katika kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa uvunaji wa miti ya namna hiyo. Mwalimu anayewaambia wanafunzi walete kipande cha mninga kwa ajili ya kujifunzia msumeno anawafundisha pia ubadhirifu, hata kama hakukusudia.

Mbao zifaazo kwa anayeanza ni za paina. Mti huu ulitoka Mexico, nao hupandwa kwa wingi katika mashamba makubwa ya miti kama lile la Sao Hill, Mufindi, mkoani Iringa. Huvunwa kwa kawaida kabla ya kutimiza miaka 30. Ni mwepesi, hukatika kwa msumeno wa mkono, na mtoto wa miaka 12 aweza kuuranda bila kuchoka mapema. Plaiwudi nayo huletwa madukani ikiwa mabamba makubwa, na mabaki yake hupatikana kwa mafundi wa samani na wa dari kwa bei ndogo, au bure ikiwa mwalimu ameomba kwa adabu.

Kasoro ya mbao hizi ni kwamba wengi huzidharau kwa weupe wake. Hapo ndipo somo la kutia rangi linapopata maana. Mwanafunzi hujifunza kwamba mbao ya bei rahisi, ikitendewa kwa ujuzi, hutoa kifaa ambacho mtu haoni haya kukiweka mezani.

2. Tabia za mbao hizi mbili

Mwanachuo hana budi kuzielewa mbao kabla ya kuelewa rangi. Kazi tuliyoichagua ni kisanduku cha chaki chenye urefu wa sentimeta 24, upana wa sentimeta 12 na kimo cha sentimeta 10. Kuta zake nne ni za paina yenye unene wa milimeta 12. Kitako na kifuniko ni vya plaiwudi ya milimeta 4. Tumekichagua kwa sababu kinazikutanisha mbao zote mbili katika kazi moja, na kila moja huipokea rangi kwa namna yake.

Paina. Tazama ubao wa paina nao utaona mistari ya namna mbili. Ile mipana yenye weupe iliota mti ulipokuwa ukikua upesi. Ni laini, na ina nafasi nyingi ndani yake. Ile myembamba yenye rangi ya asali iliota mti ulipokuwa ukikua polepole. Ni migumu na imeshikamana. Rangi ikipakwa, sehemu laini hunywa nyingi na sehemu ngumu hunywa kidogo. Kwa hiyo kilichokuwa cheupe huwa cheusi, na kilichokuwa cheusi hubaki kama kilivyo. Mwanafunzi asiyeambiwa jambo hili mapema hudhani amekosea.

Katika ncha za ubao, pale msumeno ulipokata kwa kukingama, nyuzi za mbao hufunguka kama mirija iliyofungwa pamoja. Mirija hiyo hufyonza rangi mara nyingi zaidi ya uso wa ubao, na ncha huwa nyeusi. Mahali penye jicho la tawi au penye ulimbo, kinyume chake, rangi hukataa kuingia.

Plaiwudi. Hii ni mabamba membamba yaliyogundishwa pamoja, aghalabu kwa hesabu isiyogawanyika kwa mbili, kama 3, 5 au 7. Nyuzi za kila bamba hulazwa kukingamana na zile za bamba lililo chini yake, ndiyo maana plaiwudi haipasuki kirahisi. Bamba la juu ni jembamba sana. Mwanafunzi mwenye bidii ya msasa aweza kulimaliza mahali pamoja na kuifikia gundi. Na palipo na gundi rangi haipenyi kamwe. Tena, plaiwudi nyembamba ikiloweshwa upande mmoja tu hujikunja, na ile ya matumizi ya ndani ikirowa sana mabamba yake huachana.

Kutokana na tabia hizi tunapata kanuni tatu ambazo mwanafunzi yafaa azikariri: paina ifundishwe kunywa kwa kiasi, plaiwudi isisuguliwe kupita kiasi, na zote mbili zijaribiwe kwanza.

3. Rangi ipi ifundishwe

Tutofautishe rangi ya kupaka na rangi ya kupenya. Rangi ya kupaka hukaa juu ya mbao na kuificha. Rangi ya kupenya, ambayo mafundi wengi huiita steni, huingia ndani ya nyuzi na kuziacha zionekane. Ya kwanza huficha kazi mbaya. Ya pili huitangaza. Mkwaruzo wa msasa uliokingama, ambao haukuonekana mbao ikiwa nyeupe, huonekana kama mwandiko baada ya steni.

Steni za dukani huchanganywa na mafuta au vimiminiko vyenye moshi mkali na vinavyoshika moto upesi. Kwa darasa la watoto 60 hatuzipendekezi. Twapendekeza namna mbili zinazotengenezwa shuleni kwa maji.

Ya kwanza ni chai. Chemsha majani ya chai vijiko vikubwa 4 katika maji nusu lita kwa muda wa dakika 15 hadi 20, acha yapoe, kisha chuja kwa kitambaa. Kwa darasa la makundi 10 lita 2 zatosha, yaani vijiko 16 vya chai. Chai pekee hutoa rangi hafifu ya kahawia iliyo karibu na manjano, na yaweza kurudiwa mara mbili au tatu.

Ya pili ni siki ya chuma. Chukua sufi ya chuma ya kusugulia, ile inayoshika kutu. Ile isiyoshika kutu haifai kwa kazi hii. Ioshe kwa sabuni ili kutoa mafuta yake, itie katika chupa ya kioo yenye nusu lita ya siki, na uiache kwa siku 2 hadi 7. Ikikosekana sufi, misumari yenye kutu hufanya kazi ile ile polepole zaidi. Chupa isifungwe kwa kifuniko cha kukaza, kwa sababu chuma kinapoliwa na siki hutoa hewa ya haidrojeni. Ifunikwe kwa kitambaa na iwekwe mbali na moto. Mwisho ichujwe.

Siki hii ikipakwa juu ya mbao iliyokwisha kupakwa chai, rangi hubadilika mbele ya macho ya wanafunzi. Katika chai mna tanini, ambayo ikikutana na chuma huzaa kitu cheusi. Mbao yenye tanini nyingi ya asili hugeuka yenyewe. Paina ina kidogo sana, ndiyo maana huazimwa tanini ya chai. Rangi huanza kijivu, kisha huwa ya kahawia iliyoiva au karibu na nyeusi, na huendelea kukoza kwa saa kadhaa. Mwalimu wa sayansi asiikose nafasi hii.

Wanachuo huuliza juu ya namna nyingine tatu. Pamanganati ya potasiamu, kijiko kidogo katika lita ya maji, hutia mbao rangi ya zambarau ambayo hugeuka kahawia baada ya dakika chache. Hata hivyo hufifia ikikaa juani, na fuwele zake ni hatari zikigusana na gliserini au spiriti. Ikitumiwa, itumiwe na mwalimu peke yake. Oili chafu ya magari, ambayo watu huipaka mapaa dhidi ya mchwa, isitumiwe kabisa kwa kifaa kitakachoshikwa na watoto, kwani ina vitu vyenye kudhuru mwili. Mawese, ambayo kila nyumba ya Kigoma inayajua, hutia wekundu mzuri kwa siku ya kwanza. Lakini ni mafuta yasiyokauka, hubaki yakinata, hukusanya vumbi na hatimaye huvunda.

4. Maandalizi ya mwalimu

Mwalimu aanze wiki moja kabla ya kipindi. Atengeneze siki ya chuma. Akusanye mabaki ya paina na ya plaiwudi yatokanayo na mbao zile zile zitakazotumiwa kwa visanduku, si ya aina nyingine, maana jaribio juu ya mbao ya kigeni halina habari yoyote kwa kazi iliyopo. Kila kundi la wanafunzi 6 lipate kipande kimoja cha paina na kimoja cha plaiwudi, vyenye urefu wa sentimeta 25.

Vifaa vingine ni msasa wa namba 80, 120 na 180. Vitambaa vya pamba vilivyochakaa. Makopo ya plastiki. Gundi nyeupe ya mbao. Penseli na rula. Maji na sabuni. Brashi si za lazima. Kitambaa kilichoviringishwa hupaka vizuri, na kila mtoto aweza kuwa nacho.

Hatuna budi kutaja sare za shule. Siki ya chuma ikigusa shati lililowahi kumwagikiwa na chai huacha doa jeusi lisilotoka kwa kufua. Watoto wengi wana shati moja tu la shule, na mzazi atakayeona doa hilo hatasikia maelezo ya tanini. Kwa hiyo wanafunzi waagizwe kuja na nguo kuukuu, au mwalimu atoboe mifuko mitupu ya unga iwe aproni.

Kisha, kabla ya somo, mwalimu alifanye jaribio lote kwa mkono wake mwenyewe. Chai za madukani hazilingani ukali, wala siki.

5. Mpango wa somo

Somo hili lahitaji vipindi vitatu vya dakika 40 katika siku tatu tofauti. Kulibana katika siku moja ni kulipaka rangi juu ya maji, kwa kuwa mbao haikauki kwa amri. Katika nyanda za juu, miezi ya Juni hadi Septemba ni mizuri kwa kazi hii. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mwalimu akadirie muda mrefu zaidi wa kukausha.

Kipindi cha kwanza: kuandaa na kutabiri. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi ubao wa paina na aulize: "Sehemu ipi itakunywa maji upesi, nyeupe au ya asali? Uso au ncha?" Asijibu. Aandike utabiri wa kila kundi ubaoni. Halafu adondoshe tone moja la maji juu ya uso wa ubao na jingine juu ya ncha, nao watazame. Baada ya hapo kila kundi lipige msasa vipande vyake kwa kufuata nyuzi: paina kwa namba 80, kisha 120, kisha 180, plaiwudi kwa 180 tu, mara chache na kwa mkono mwepesi. Mwisho wavipangusie kitambaa chenye unyevu. Maji husimamisha vinyweleo vya mbao, navyo vikikauka huondolewa kwa msasa wa 180 uliokwisha kuchakaa. Unyevu huo pia huonyesha mikwaruzo na madoa ya gundi, kwa sababu mahali penye gundi hubaki peupe.

Kipindi cha pili: jaribio. Kila kipande kigawanywe kwa penseli katika sehemu tano za sentimeta 5. Sehemu A iachwe kama ilivyo. Sehemu B ipakwe chai mara moja. Sehemu C ipakwe chai mara mbili. Sehemu D ipakwe chai, na ikikauka ipakwe siki ya chuma. Sehemu E ipakwe kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya gundi kwa sehemu 10 za maji. Ikikauka isuguliwe kidogo, halafu ipakwe chai na siki kama D. Sehemu E mwalimu aipake gundi asubuhi kabla ya kipindi, ili isicheleweshe wengine.

Wakati rangi inakauka wanafunzi wajaze jedwali katika madaftari: sehemu, kilichopakwa, rangi iliyotokea, na kama imelingana au ina mabaka. Waandike upya baada ya dakika 10, na siku inayofuata. Hapa watagundua wenyewe mambo matatu. Paina na plaiwudi hazikutoa rangi moja ingawa zilipakwa dawa moja. Rangi ya jana si rangi ya leo. Na sehemu E, ingawa ni hafifu kuliko D, aghalabu imelingana zaidi, kwa sababu gundi nyembamba imezipunguza kiu zile sehemu zenye kunywa sana.

Tusisitize hapa kwamba kazi ya mwalimu si kutangaza sehemu ipi ni nzuri. Kundi lijadili na kuchagua rangi ya visanduku vyao, nalo litoe sababu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua juu ya kazi zao, wasiwe watekelezaji wa amri tu. Uamuzi juu ya rangi ya kisanduku ni mdogo, lakini ni uamuzi wa kweli, na matokeo yake yataonekana.

Kipindi cha tatu: kazi yenyewe. Hatua zifuatwe kwa mpangilio huu:

(a) Kisanduku kikaguliwe kwa kitambaa chenye unyevu. Madoa ya gundi yakwanguliwe kwa ncha ya patasi, kisha msasa.

(b) Ncha za paina ziloweshwe kwa maji matupu muda mfupi kabla ya chai, ili mirija yake iwe imeshiba.

(c) Chai ipakwe kwa kufuata nyuzi, upande mzima bila kusimama katikati. Ziada ifutwe. Kifuniko cha plaiwudi kipakwe pande zote mbili kisije kikajikunja, wala kisiloweshwe hadi maji yakatuama.

(d) Kikauke kabisa kivulini, mahali penye hewa. Kwa darasa lenye vipindi vya asubuhi, chai ipakwe mwanzoni mwa siku na siki mwishoni, au siku ya pili.

(e) Siki ya chuma ipakwe mara moja kwa kitambaa kingine. Kitambaa cha chai kisichovywe katika siki, maana kopo zima litakuwa wino.

(f) Baada ya siku nzima, kifaa kilindwe. Rangi ya kupenya peke yake si kinga. Vanishi ya dukani ipakwe na mwalimu. Lakini kinga ipatikanayo kwetu ni nta ya nyuki, kwa kuwa ufugaji wa nyuki umeenea katika miombo ya Kibondo na Kasulu. Nta sehemu 1 iyeyushwe pamoja na mafuta ya alizeti sehemu 3 ndani ya kopo lililowekwa katika sufuria ya maji ya moto. Kamwe isiwekwe moja kwa moja juu ya moto. Ikipoa hupakwa kidogo sana na kusuguliwa mpaka mbao ing'ae.

6. Kasoro za kawaida na sababu zake

Mwanachuo ajifunze kuisoma kasoro kama mganga asomavyo dalili.

Baka jeupe lenye kingo kali ni gundi au ulimbo, rangi haikuingia. Mistari myembamba myeusi iliyokingama ni mikwaruzo ya msasa uliopigwa kinyume cha nyuzi. Ncha nyeusi kuliko kuta ni mirija ambayo haikushibishwa maji. Mstari mweusi katikati ya upande mmoja ni mahali mpakaji aliposimama, sehemu ya kwanza ikakauka, akaendelea juu yake. Plaiwudi iliyojikunja ililoweshwa upande mmoja. Uso unaonata baada ya siku nyingi una nta nyingi mno, au mtu alitia mawese.

Kasoro hizi zijadiliwe juu ya vipande vya majaribio, navyo vitundikwe ukutani. Kipande kilichoharibika kikiwa na maelezo sahihi chini yake ni zana bora ya kufundishia kuliko picha yoyote.

7. Usalama

Siki na siki ya chuma zisiguse macho. Zikigusa, yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Makopo yaandikwe jina la kilichomo, wala yasitumiwe tena kwa chakula. Usagaji wa msasa ufanywe nje, chini ya mti, ili vumbi lisijae darasani. Ikiwa mwalimu atatumia mafuta ya kitani nyumbani au chuoni, akumbuke kwamba vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikikunjwa na kurundikwa vyaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au viloweshwe maji kabla ya kutupwa.

8. Kupima maendeleo

Mwalimu asitoe alama kwa uzuri wa kisanduku pekee, kwani aliyepata ubao wenye macho mengi ya matawi atakuwa ameadhibiwa kwa kosa la mti. Kwa jumla ya alama 20, twapendekeza mgawanyo huu: kuandaa mbao, alama 6, jaribio na maelezo yake katika daftari, alama 6, ulinganifu wa rangi, alama 4, usalama na usafi wa mahali pa kazi, alama 4. Kwa mgawanyo huu, mtoto aliyeelewa sababu ya mabaka yake hupata alama nzuri kuliko aliyebahatika kutopata mabaka.

9. Uaminifu wa fundi

Baadhi ya walimu wenzetu husema kwamba kumfundisha mtoto kutia paina rangi ni kumfundisha udanganyifu. Wamekwisha kuona sokoni viti vya paina vilivyotiwa wekundu na kuuzwa kwa jina la mninga. Hoja hiyo ina uzito, wala isipuuzwe.

Jibu letu ni kwamba udanganyifu hauko katika rangi, uko katika maneno ya muuzaji. Tena anayejua namna rangi inavyofanya kazi hadanganyiki upesi. Mwanafunzi aliyepitia somo hili ataunyanyua mguu wa kiti apime uzito wake, ataugeuza atazame ncha iliyokatwa, na atauliza juu ya mchwa. Atajua kwamba rangi hubadili sura, lakini haibadili uzito wala uimara, na kwamba paina isiyotiwa dawa italiwa na mchwa hata ikiwa nyeusi kama mpingo. Kwa hiyo kila kisanduku kitakachouzwa ili kununua mbao za muhula ujao kiandikwe chini yake: "Paina na plaiwudi. Rangi ya chai na chuma." Maandishi hayo ni sehemu ya somo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Watoto tunaowafundisha leo watatakiwa kuchagua njia wakiwa bado wadogo. Atakayechagua kwa sababu aliwahi kukamilisha kazi moja kwa mikono yake, akaijua sababu ya kila hatua, amechagua vyema, ama aende kwenye useremala ama kwingineko.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Eleza kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tano atayaelewa kwa nini ncha ya ubao huwa nyeusi kuliko uso wake.

2. Darasa lako lina wanafunzi 84. Ukifanya makundi ya watu 6, na kila lita 2 za chai zikitosha makundi 10, utahitaji chai lita ngapi na vijiko vingapi vya majani?

3. Andaa maandalio ya kipindi cha pili, ukionyesha kazi ya mwalimu na kazi ya wanafunzi kwa kila dakika 10.

4. Fanya jaribio la sehemu A hadi E juu ya mbao mbili zinazopatikana katika kijiji utakachopangiwa, kisha uvilete vipande hivyo chuoni vikiwa na maelezo yake.

5. Mzazi anakujia akilalamika kwamba mtoto wake anapaka mbao chai badala ya kusoma. Utamjibu nini, na utamwonyesha nini?